Karibu ya Twalibu

Haya hayakunipata mimi, maana mimi nina akili. Yalimpata rafiki yangu Twalibu, fundi kompyuta mwenye duka mtaa wa Gongoni, anayejiona kazaliwa na kila elimu. Adabu tu ndiyo iliyomkosa.

Alinunua kompyuta ndogo isiyozidi kiberiti, akaiwekea mfumo endeshi wa Linux kwenye kadi ya memori, akaiunganisha na maiki na spika, akaifunga mlangoni kwake Itetemia, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Ikisikia "hodi", inajibu "karibu" kwa sauti aliyoirekodi yeye. Uvivu huo akauita teknolojia.

Shangazi yake, Bi Zamda, alimwonya. "Mwanangu, kwanza uliza nani, ndipo ukaribishe."

"Shangazi, hayo mambo ya enzi za misafara," akamcheka.

Alhamisi alasiri, akiwa sebuleni peke yake, kifaa kikasema, "Karibu." Hakuwa amesikia hodi. Kikasema tena, na tena. Kisha akasikia nyayo za watu wengi, peku, zikipita ukumbini, na mizigo mizito ikitua chumba cha nyuma. Akaenda kutazama, hakukuta kitu.

Bingwa wetu akasema ni kasoro ya programu. Akachomoa waya wa umeme, akaitoa kadi na kuitia mfukoni, akafunga mlango, akaenda zake dukani.

Alirudi wakati wa magharibi, umeme umekatika mtaa mzima na kadi ingali mfukoni. Ufunguo mkononi, akaita kwa kejeli, "Hodi!"

Ndani, gizani, sauti yake mwenyewe ikauliza, "Nani?"