Mwenyewe Ametoka Kidogo

Mtu wa kwanza kunisimulia habari hii ni mama mkubwa, dada wa mama yangu, Agosti 2011, tukifunga vyombo vyake kwenye maboksi. Alisimulia mara moja tu. Niliandika jioni ileile, kabla sijaanza kuipamba.

Baba mkubwa, mumewe, alifariki Februari mwaka huo. Aliacha gari moja: dogo, jekundu, la mwaka 1988, milango miwili na ule wa nyuma unaoinuka juu. Umbo la gari la kwendea sokoni, injini ya mbio. Alilinunua jipya, na hakuna mwingine aliyewahi kuliendesha. Kila Jumamosi aliliwasha akaliacha lingurume hadi amalize kikombe cha chai, ndipo aguse gia.

"Mtu akiamka humfokei," alikuwa akisema.

Mama mkubwa alimjibu kwamba yeye hufokewa hata kabla hajaamka.

Sasa alitakiwa kuhamia kwa binti yake, ghorofa ya nne, kusiko na mahali pa kuweka gari. Bila kuliuza asingehama, na kulitelekeza asingeweza. Akaweka tangazo gazetini: *Limetunzwa vizuri. Mwenyewe mmoja tangu jipya.*

Simu zikaanza. Kila aliyepiga aliuliza, "Mwenyewe yupo?"

Mama mkubwa alikuwa mjane, peke yake katika nyumba ya vyumba vitano. Hakutaka watu asiowajua walijue hilo. Akawajibu wote namna moja: "Yupo. Ametoka kidogo."

"Nilipozoea kuisema," aliniambia, "nikaanza kuipenda. Nikikata simu, nyumba inakuwa na mtu kwa dakika moja hivi."

Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa teksi, jioni, jua likizama. Aliingia gereji peke yake, mama mkubwa akiwa ndani anatafuta daftari la sevisi. Alipotoka nalo, yule mtu alikuwa ameshaondoka. Geti wazi. Hakuaga.

Wa pili alikuwa muuguzi, kesho yake, saa ileile. Alikaa gerejini dakika tatu, akatoka akisugua viganja.

"Mama, mngepatana kwanza nyinyi wawili."

"Mimi na nani?"

"Na mzee. Nimemkuta amekaa kwenye usukani. Anasema haliuzwi. Eti yeye alitoka kidogo tu."

"Mzee gani?"

"Si huyo mwenye sweta la kijivu? Mkali, lakini ana adabu." Muuguzi akapunguza sauti. "Mpelekeni hospitali, mama. Nimempa mkono... ni wa baridi mno."

Akaenda zake. Mama mkubwa akabaki uani, giza likiingia. Ufunguo wa gari ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwake. Aliushika njia nzima hadi gerejini.

Hakuna mtu. Kimya. Kisha harufu... oili ya moto, na sabuni ya kunyolea. Akaweka kiganja juu ya boneti.

Ilikuwa ya moto.

Hakunipigia simu, wala hakumwambia binti yake. Nilimuuliza kwa nini. Alizungushia kikombe gazeti, akakipanga ndani ya boksi, akasema, "Nilijua mtaniambia nifanye nini."

Wa tatu alikuja Jumamosi jioni. Fundi wa miwani, mtu wa utani. Alisimama getini, kofia mkononi.

"Shikamoo, mama. Mwenyewe yupo?"

Nyuma ya mama mkubwa, gerejini, injini ikawaka.

Ikanguruma taratibu... taratibu... kama gari linaloachwa lipate moto.

"Basi yupo," fundi akasema, akicheka.

Jibu lilikuwa mdomoni tayari, lile la siku zote. Angelisema tu, gari lingebaki, nyumba ingebaki, na kila jioni kungekuwa na mtu kule nyuma. Alisimama pale hadi yule mtu akaacha kucheka.

"Hayupo," akasema. "Mume wangu alifariki Februari. Mimi ndiye ninayeuza."

Injini ikashuka. Haikukatika ghafla. Ilififia kidogo kidogo, kama mtu aliyeondoa mguu kwenye mafuta ili asikie vizuri.

Kisha ikazimika.

"Nani yuko humo?" fundi akanong'ona.

"Ningoje hapa, baba."

Aliingia peke yake. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, kiti kitupu. Na hapo, karibu kabisa na sikio lake, bila hasira, ikaja sauti aliyoishi nayo miaka thelathini na minne.

"Mbona hukuniambia?"

Mama mkubwa aliomba radhi. Hakujibiwa.

Fundi alilichukua gari jioni hiyohiyo. Sijui ulikuwa ujasiri au mapenzi ya gari. Nilimtafuta mwaka jana, akasema halijawahi kumsumbua hata siku moja. Kwa hiyo baba mkubwa hakuondoka nalo. Nyumbani nako hakurudi: mama mkubwa alikaa siku tisa zaidi kabla ya kuhama, na alisema vyumba vile vilikuwa vitupu kuliko Februari. Alikokwenda, hatujui.

Dereva wa teksi hatukumpata tena. Muuguzi yu hai, amestaafu. Fundi wa miwani yu hai. Mama mkubwa yu hai, ana miaka themanini na moja.

Baba mkubwa amefariki. Hilo nimelitamka kwa sauti kabla ya kuliandika, chumbani nikiwa peke yangu, asije akaniuliza na mimi.