Gunia Ambalo Halikuanguka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nakeno aliwasha moto, akachemsha chai, kisha akamvalisha mama yake shanga za shingoni. Zamani Mama Akoru alijivalisha mwenyewe huku akiimba. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, naye hakuimba tena.

Msiba ulianzia mchezoni. Mama Akoru alikuwa mpanga magunia katika ghala moja la nafaka mjini Kakuma. Msimamizi, Bwana Erupe, aliwatangazia wafanyakazi siku ya michezo.

"Kila mtu aje! Asiyekuja nitamjua kuwa mvivu."

Akawagawia fulana za ghala, akawapanga kuvuta kamba dhidi ya ghala jirani. Mama Akoru alikulia Lokiriama, ambako maji huvutwa kutoka visima virefu vilivyochimbwa mchangani. Huko kamba huzungushwa kiganjani ili ndoo isiponyoke. Naye akaizungusha vivyo hivyo. Wapinzani walipovuta kwa kishindo, kamba ilimkaba mkono, ikamvunja vidole vitatu. Nakeno alikuwa pembeni akishangilia. Aliona yote.

Daktari alisema vidole vipasuliwe upesi, la sivyo mkono utalemaa. Erupe alipoombwa gharama, akatikisa kichwa. "Pole, mama. Lakini ule ulikuwa mchezo. Ghala halilipii michezo."

Jioni moja Losike, aliyefanya kazi na Mama Akoru, alikuja kumjulia hali.

"Ejok, hujambo dada? Sikiliza. Enda kwa ofisa wa kazi Lodwar, sema gunia lilikuangukia. Gunia ni kazi. Kamba ni mchezo tu. Nani atakulipa kwa kucheza?"

Basi wakaenda Lodwar, wakaandikisha jina, ghala na tarehe ya kuumia, wakaambiwa warudi kesho yake. Ofisa wa kazi, Bi. Maryanne, alikuwa mgeni Turkana, hakujua Kiturkana. Kiswahili cha Mama Akoru kilikuwa cha kununulia sukari. Nakeno ndiye aliyekuwa mkalimani.

"Muulize mama aliumiaje."

Mama aliinamisha kichwa, akasema kwa Kiturkana, "Gunia liliniangukia ghalani."

Nakeno alifungua kinywa, akakifumba. Alimwona tena akilini mama yake amekabwa mkono na kamba, wenzake wakipiga kelele.

"Anasema... Hapana, madam. Ni kamba. Walikuwa uwanjani. Msimamizi aliwaambia wote waje."

Mama aligeuka kwa ghadhabu. "Mimi nimesema gunia, wewe umesema kamba! Nimesikia. Umeniuza, Nakeno."

Machozi yalimtoka Nakeno, akamweleza ofisa habari ya gunia. Bi. Maryanne hakumkaripia yeyote.

"Nani alitoa fulana?"

"Msimamizi."

"Na asiyekuja?"

"Alisema atamjua kuwa mvivu."

Bi. Maryanne alishusha pumzi. "Jana nilimpigia simu msimamizi huyo. Aliniambia siku ile ghala lilifungwa, watu wote walikuwa uwanjani. Mngeshikilia gunia, shauri hili lingekufa papa hapa. Mwambie mama hivi: mwajiri akikuita, akikuvalisha fulana yake na kukutisha usipokuja, huo si mchezo wako. Ni kazi iliyovaa fulana. Ana haki ya kudai fidia."

Nakeno alitafsiri neno kwa neno. Mama yake akakubali shauri lifunguliwe.

Shauri lilikokota miguu. Erupe aliyakana maneno yake, wafanyakazi wakaogopa kusema. Mwishowe Losike alisimama akashuhudia, huku akitetemeka. Ghala likakubali kulipia matibabu na fidia. Vidole viwili vilipona. Cha tatu kilikuwa kimechelewa mno kutibiwa, kikabaki kimenyooka kama kijiti.

Siku alipofunguliwa bandeji, Mama Akoru alimwita bintiye kando.

"Nilikukasirikia, mwanangu, kumbe ningejichimbia kaburi kwa ulimi wangu. Haki yangu ilikuwa katika ukweli, nami nikaenda kuitafuta katika uongo. Jambo liseme kama lilivyokuwa, hata sauti ikikutetemeka. Mwenye haki hana haja ya kuazima uongo."

Nakeno alikishika kile kidole kilichokataa kukunjika. Kilikuwa baridi. Hakukiachilia.