Chupa ya Maji ya Kabula

Tangu mama yake Kabula afariki, vyombo naosha mimi. Kabula anasuuza, huku ananifundisha Kiingereza cha shule.

"Baba, kuosha ni wash."

"Wash."

"Kusugua ni scrub."

"Hilo gumu. Lina mchanga ndani."

Akacheka. Kicheko cha mama yake kabisa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nasugua chupa. Shule yao hapa Kasoli haina maji. Wakubwa walikuja, wakapiga picha kwenye bomba, wakaondoka. Bomba halijatoa hata tone. Basi kila mtoto anabeba maji yake, na chupa ya Kabula ilikuwa imepasuka.

Nilikuwa na nyingine, iliyokuwa ya dawa ya kupulizia pamba. Ngumu, ina mfuniko mzuri. Niliisugua kwa majivu, nikatia mchanga na sabuni, nikatikisa. Wengi huku tunafanya hivyo. Harufu ikiisha, tunasema imetakata. Nikaijaza maji, nikampa mwanangu.

Jirani yetu Evalina, mhudumu wa afya wa kijiji, akapita na ndoo.

"Mwangaluka, baba Kabula," akanisalimu.

"Mwangaluka, mayu," nikaitikia. Mayu kwetu Wasukuma ni mama.

Akaiona chupa. Akatua ndoo haraka.

"Kabula, usinywe! Lete hapa."

"Nimeiosha," nikasema. "Nusa mwenyewe."

"Pua haioni sumu. Plastiki hii imenyonya dawa. Majivu hayaitoi, sabuni haiitoi."

"Basi ngoja ninywe mimi kwanza."

"Sumu kidogo kidogo haikuangushi leo, baba Kabula. Inakungoja. Ikikuangusha, huyu atabaki na nani?"

Kabula alikuwa amenishika shati.

Kisha akainama kwenye maandishi ya chupa. "Baba, neno letu la vyombo! Rinse. Kusuuza."

"Umeona, mayu? Wenyewe wanasema isuuzwe."

"Soma na mbele," Evalina akasema. Akasoma yeye, akatueleza. "Dawa ikiisha tu, chupa isuuzwe pale pale shambani. Maji hayo yaingie kwenye bomba la kupulizia, yaishie kwenye pamba. Halafu chupa itobolewe. Isitumike tena kwa chakula wala maji."

Damu ikanichemka. "Sasa Kiingereza cha nini? Anayepulizia pamba Kasoli ni Mzungu? Wanatuuzia sumu, maelezo wanajisomea wao!"

"Hapo una haki. Njoo ukaseme kwenye mkutano wa kijiji, nami nitakuunga mkono. Ila leo tuanze na hii."

Tukamwaga maji yale mbali na kisima. Nikaitoboa chupa kwa msumari. Evalina akanikataza kuichoma, maana moshi wake nao ni sumu. Nikaifungia stoo, nimuulize bwana shamba pa kuipeleka. Tukanawa kwa sabuni.

"Na shati lako la kupulizia?" Evalina akauliza.

"Nalifua na sare za Kabula."

"Lifue peke yake, kwenye beseni lake."

Alipoondoka, nikatazama ukutani. Kibuyu kidogo cha marehemu kilikuwa kinaning'inia. Tangu tumzike sikuwahi kukigusa. Nikakishusha. Nikakiosha kwa maji ya moto, nikakisuuza, nikakijaza maji yaliyochemshwa jana.

"Watoto watakucheka?" nikamuuliza Kabula.

Akakikumbatia. "Wacheke. Ni cha mama."

Akanywa funda moja mbele yangu, akajifuta mdomo.

"Baba, safi ni clean."

"Clean," nikasema. Hilo lilinitoka vizuri.