Baba Seva na Simu Iliyofungwa

Jamani, sogeeni niwaeleze yaliyoipata nyumba moja ya mtaani kwetu, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Asubuhi hiyo ilikuwa shwari. Mama alikuwa uani anafua, na binti yake wa pekee, mgonjwa wa pumu, amekaa kizingitini akimvisha mdoli gauni la kitambaa. Baba akapita mbiombio.

"Pampu ya mtoto ya kuvutia dawa imeisha," mama akamkumbusha. "Pitia duka la dawa, na uilete mapema."

"Ondoa shaka, mke wangu. Mchana hautafika kabla sijaileta."

Na kweli aliinunua, hilo tumpe haki yake. Akaitia kwenye mfuko wa shati, akaenda zake kwenye intaneti kafe yake.

Mtaa mzima ulimwita Baba Seva, kana kwamba seva, mashine kuu ya kafe yake, ndiyo kifungua mimba wake. Kompyuta za kafe hazikuwa na chochote ndani yake. Zote zilinyonya kutoka kwenye seva moja iliyokaa chumba cha nyuma. Gemu likiwekwa kwenye seva, kila kioo kinalipata. Siku alipomaliza kuifunga alimleta mkewe aione, akamwonyesha waya wa bluu uliotoka chumbani mpaka kwenye kisanduku cha taa za kijani ukutani. "Ukichomoa huu tu, mashine zote zinaganda," alisema, akitabasamu kama aliyepata mtoto wa kiume. Mkewe alicheka siku ile.

Sasa, gemu jipya lilikuwa limetoka na vijana walikuwa wanalingoja kwa hamu. Laini ya kafe ilikuwa mbovu, basi akaamua kulivuta kwa intaneti ya simu yake. Kasoro ilikuwa moja: simu ikipigwa, kazi yote inakatika na kuanza upya. Mwenzetu akafanya nini? Akazifunga simu zote zisiingie. Kisha akajifungia na seva yake, feni zinavuma, akavaa vipokea sauti na kucheza gemu la zamani huku akilingoja jipya. Adhuhuri ikapita, na dawa bado iko mfukoni.

Nyumbani mtoto alianza kwa kukohoa. Mama akampigia mumewe, haipatikani. Mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa mabega, mbavu zinaingia ndani. Akapiga tena na tena, huku akimsugua mgongo na kumwambia, "Baba anakuja, mwanangu, anakuja." Hakuwa na hakika na alichokuwa anakisema. Midomo ya mtoto ilipoanza kubadilika rangi, akambeba mgongoni akakimbia peku. Kafe ilikuwa karibu kuliko hospitali, na dawa ilikuwa huko.

Alikuta vijana wamejaa, kila mmoja masikio yameziba. Akaupiga mlango wa nyuma kwa ngumi. Akaita. Kijana mmoja akainua kipokea sauti upande mmoja. "Shemeji, bosi kasema asisumbuliwe," akasema, akarudi vitani kwake bila hata kumtazama mtoto.

Mama amesimama kwenye chumba chenye watu tele, mwanawe anakata roho mgongoni, na hakuna anayesikia. Niambieni, kuna upweke gani unaozidi huo? Ndipo macho yake yakaangukia ule waya wa bluu.

Akauchomoa.

Vioo vyote vikaganda. Chumba kizima kikageuka, na mlango wa nyuma ukafunguka papo hapo.

"Nani kagusa waya wangu?"

Mama aligeuza mgongo tu, akamwonyesha mtoto. Baba Seva akapapasa mfukoni, akaitoa pampu ikiwa bado kwenye boksi lake, akahangaika nalo asiweze kulifungua. Mke akamnyang'anya, akalipasua kwa meno.

Dawa ilimfikisha mtoto hospitali, lakini kwa shida. Walimwekea oksijeni, na wazazi wakaachwa kwenye benchi la nje. Muuguzi alipotoka kusema kwamba mtoto ameanza kupumua vizuri, baba aliitoa simu yake ili awaarifu ndugu, akaifungua. Ikaanza kutetemeka. Taarifa za simu alizokosa zikaingia moja baada ya nyingine, zote za mkewe, na hazikuonekana kwisha. Akanyoosha kidole aizime.

"Iache," mke akasema. "Iache, angalau sasa uzisikie zote."

Akaiacha. Alilia pale pale, mbele za watu, na mkewe hakumbembeleza.

Mtoto yu hai. Kafe ipo, na seva ipo. Ila mtu akimwita Baba Seva siku hizi, haitiki.

FUNZO

Ndugu zangu, kazi si dhambi, na gemu si sumu. Lakini mashine ilipokatika yule bwana alisikia mara moja, na mwanawe alipokatika pumzi hakusikia, kwa sababu njia hiyo aliifunga kwa mkono wake mwenyewe. Ukitaka kufunga mlango ili usisumbuliwe, tazama kwanza ni nani atakayebaki nje anaugonga. Dawa iliyo mfukoni mwako haimtibu mtu.