Daftari la Ukingo wa Korongo

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kache alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia kibanda cha kupokea wageni na kujibu ujumbe ulioingia kwenye simu ya ofisi. Ya pili ilikuwa kupanda hadi ukingo wa korongo la Kwa Ziro, mwendo wa dakika ishirini, apime upana wa ufa uliokuwa ardhini hapo na kuandika kipimo chake daftarini. Kazi ya kwanza aliipenda. Ya pili aliiona kama adhabu.

Kache alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, akisomea utalii. Kama wenzake wote, alitakiwa kufanya kazi halisi kwa wiki kumi na mbili kabla ya kuhitimu. Chuo kilimpeleka Kwa Ziro, si mbali na Marafa, pamoja na Rashad, kijana wa Shella, Malindi. Korongo hilo lilitunzwa na kikundi cha waongozaji wenyeji. Mkuu wao alikuwa Zipporah, ambaye kila mtu alimwita Mama Kenga.

Kazi ya utalii ilikuwa imebadilika sana. Zamani wageni waliletwa na mahoteli, gari zima kwa mara moja. Siku hizi wengi walitaka kuona picha kwenye simu na kuweka nafasi kabla hawajatoka nyumbani kwao. Kache aliyajua mambo hayo kuliko mtu yeyote pale. Alitengeneza ukurasa wa kikundi mtandaoni, na katika wiki tano wageni wakaongezeka. Waongozaji walimsifu hadi akavimba kichwa. Mkufunzi wake, Dkt. Mwaringa, alimdokezea kwamba akifanya vizuri chuo kitakapokuja kukagua kazi yake, jina lake litapelekwa awe kiongozi wa mradi mpya wa vijana wa utalii. Kache alikosa usingizi kwa kuutamani uongozi huo.

Ufa wenyewe ulikuwa karibu na mahali wageni waliposimama kutazama bonde. Udongo wa pale ni mchanga mwekundu ulioshikana, na mvua huula polepole. Vigingi viwili vilikuwa vimepigwa, kimoja kila upande wa ufa.

"Unapima kigingi hadi kigingi," Mama Kenga alimweleza siku ya kwanza. "Sasa ni sentimita thelathini na nane. Zikiongezeka hata kwa upana wa kidole, mgeni hapiti hapa."

"Mbona tusitafute mtambo unaojipimia wenyewe, Mama Kenga?"

"Tutautafuta, mwanangu. Hata mimi nautaka. Lakini mpaka uje, mtambo ni miguu yako."

Wiki ya kwanza Kache alipima, na ya pili, na ya tatu. Kila siku ilikuwa thelathini na nane. Kufikia wiki ya sita aliona anapoteza muda. Alikaa kibandani, akafungua daftari, akaandika thelathini na nane.

"Leo umerudi mapema," Rashad alimtania. "Ama umeota mbawa?"

"Ufa haujasogea tangu tuje. Utasogea leo kwa sababu ni Jumatatu?"

"Wallahi mimi ningekwenda tu."

"Basi nenda wewe."

Rashad alicheka, lakini naye hakwenda. Siku ya pili Kache aliandika tena, na ya tatu, na mkono ukazoea. Siku tisa zikapita hivyo. Katikati yake ilinyesha mvua kubwa ya siku mbili, na hata baada ya mvua hiyo hakupanda.

Siku ya ukaguzi ikafika. Asubuhi hiyohiyo wakaja wanafunzi thelathini na wawili wa darasa la sita kutoka Malindi, na mwalimu wao. Mama Kenga aliwakusanya mbele ya kibanda, akafungua daftari mbele yao.

"Watoto, hapa hatwendi kwa kubahatisha. Kila siku tunapima ufa wa juu. Leo ni thelathini na nane, kama jana. Mungu ni mwema, mvua yote ile na ufa umetulia."

Msichana mmoja aliyeitwa Safaa aliandika kipimo hicho kwenye daftari lake la shule. Kisha mstari wa watoto ukaanza kupanda pamoja na Mama Kenga, wakisimama hapa na pale kusikiliza maelezo.

Kibandani, Dkt. Mwaringa aliketi kutazama kazi za Kache. Aliona ukurasa, picha na orodha ya wageni, akawa anaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kache alieleza huku macho yake yakiwa dirishani. Sare za kijani za watoto zilikuwa zinapanda, zinazidi kuwa ndogo. Alikumbuka ngurumo za ile mvua.

"Endelea, Kache," alisema Dkt. Mwaringa. "Mbona umenyamaza?"

Kache alijua kwamba akisema, uongozi wa mradi ameukosa. Akinyamaza, huenda pasitokee lolote. Huenda. Aliona aibu kwa kulifikiria neno hilo hata kwa nukta moja.

"Daktari, sikupima," alisema.

"Hukupima nini?"

Kache hakungoja. Alitoka mbio, akaacha viatu vyake vya wazi njiani, akapanda huku akipiga kelele. "Mama Kenga! Simameni! Msifike ukingoni!"

Mama Kenga alipoisikia sauti hiyo aliinua mikono yote miwili, na mstari ukasimama. Mtoto wa mbele alikuwa amebakisha hatua kumi kuufikia ufa.

Mama Kenga aliwarudisha watoto nyuma kabisa. Halafu alilala kifudifudi, akanyoosha futi ya kupimia kutoka kigingi hadi kigingi.

"Hamsini na moja," alisema.

Dkt. Mwaringa na Rashad walikuwa wamefika, wanahema. Safaa alitazama daftari lake, kisha akamtazama Kache.

"Dada, mimi nimeandika thelathini na nane. Niandike ipi?"

Kache alilia mbele ya wote. "Andika hamsini na moja. Na uandike kwamba ile ya kwanza ilikuwa ya uongo. Niliiandika mimi, bila kuja kupima."

Watoto walishuka na njia ikafungwa kwa kamba. Rashad, akiwa ameinama, alisema, "Nami nilijua, Mama Kenga. Nikafanya mzaha."

Dkt. Mwaringa hakugomba. Alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Kache zaidi. "Jina lako sitalipeleka. Na wiki hizi utazirudia zote, kama Mama Kenga atakubali."

"Nakubali," alisema Mama Kenga. "Aanze kesho."

Kuanzia kesho yake Kache alipanda kila siku, na Rashad alikwenda naye. Kipimo kilikuwa hamsini na mbili, kisha hamsini na tano, kisha hamsini na tisa. Asubuhi ya kumi na mbili walikuta kigingi kimoja tu. Upande wa pili, pale wageni walipokuwa wakisimama, palikuwa wazi, na udongo mwekundu ulikuwa umelala chini kabisa bondeni. Kache aliketi chini.

Mama Kenga aliitwa, akaja, akasimama kando yake.

"Simu itabadilika, mwanangu," alisema. "Wageni watabadilika, na kazi utakayoifanya ukiwa na umri wangu pengine leo haina hata jina. Jifunze yote hayo, maana unayaweza. Lakini popote utakapoongoza, watu watapita njia uliyosema ni salama, na wao hawatapima. Wale watoto walikuamini wewe. Kuongoza ni kwenda kuangalia kwanza, hata siku ambayo hakuna anayekuona."

"Nimesikia, Mama Kenga."

"Basi andika."

Kache alifuta machozi, akafungua daftari kwenye magoti yake. Aliandika tarehe, akaandika kwamba kigingi cha pili hakipo. Chini yake aliongeza kwamba hakuna aliyeumia, akatia sahihi jina lake kamili.