Mjane wa Barabara ya Quriyat

Simu iliingia magharibi ikikaribia. Mama mmoja amekwama barabara ya Quriyat, gari limegoma kwa joto. Mimi Josphat, fundi wa magari kutoka Kenya, huu mwaka wangu wa sita Muscat. Simu kama hizo mwezi wa Julai hazinishtui. Nikapakia spana na maji kwenye pikapu, nikaenda.

Nilimkuta peke yake chini ya mlima. Mawe bado yalikuwa yakifuka joto.

"Naitwa Mahbuba," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja. "Nnakwenda kwa dada yangu Nadra. Nimesimama kusali tu, halijawaka tena."

Betri ilikuwa nzima. Stata ilizungusha vizuri, injini haikushika. Nikawasha swichi, nikatega sikio.

Kimya.

Pampu ya mafuta ilikuwa hailii. Ikichemka sana hugoma, ukiipoza kwa kitambaa kibichi huamka. Katika gari lile ilikuwa chini ya kiti cha nyuma. Nikashika mlango wa nyuma.

"Huko usifungue," akanong'ona. "Mume wangu kafia hapo. Wiki iliyopita. Nimo edani, kaka, sikutakiwa hata kutoka."

"Pole, mama. Lakini pampu iko hapo."

Nikang'oa kiti. Harufu ikanipiga... nyama iliyolala juani. Upande wa ndani wa mlango, ngozi yote ilikuwa imechanwachanwa. Kwenye mchano mmoja kulikuwa na kitu kimenasa.

Ukucha wa mtu.

Nikapoza pampu, nikarukia nje. "Jaribu, mama."

Akaingia, akawasha. Injini ikanguruma.

Tak!

Milango yote ikajifunga. Vioo vikapanda.

Mtandio wake ukavutwa kwa nyuma, ukamkaba. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kisha uso wake ukapigwa kwenye usukani. Tena. Damu ikaruka kwenye kioo. Mara ya tatu, nilisikia mfupa ukivunjika.

Nikavunja kioo cha nyuma kwa spana ya magurudumu. Hewa ya moto ikatoka kwa kishindo, ikanisukuma kando kama mtu anayekimbia.

Gari likazima.

Siku ya tatu nilimtembelea hospitali. Pua ilikuwa imevunjika, jicho moja limefumba. Akaniashiria nisogee.

"Mume wangu Humaid alinipiga miaka kumi na moja," akanong'ona. "Adhuhuri ile sukari ilimzidi, akalala kiti cha nyuma, hana nguvu. Nikaingia nyumbani, nikafunga gari kwa rimoti. Kila alipofungua... nikafunga. Akagonga. Nikaongeza sauti ya televisheni."

Nikainuka niondoke, akanishika mkono.

"Kioo cha nyuma nani kakivunja?"

"Mimi."

Alinitazama kwa jicho lililobaki wazi. Hakuwa na hasira. Alinionea huruma.

"Umemtoa, kaka."

Ijumaa Nadra alikwenda kumchukua hospitali kwa gari lake mwenyewe, jipya kabisa. Saa saba mchana simu yangu ikalia.

"Fundi!" Nadra alikuwa akipiga kelele. "Nimeshuka kununua barafu tu, hapa barabara ya Quriyat! Milango imejifunga, dada yangu yumo ndani, anapigwa... anapigwa na nani?"

"Vunja kioo!"

Nikasikia jiwe likigonga. Likagonga tena. Likagonga tena.

"Hakivunjiki," akasema.

Nilikuwa Matrah. Mwendo wa dakika arobaini.