Ukuta wa Nyuma

Jua lilikuwa limeshazama aliporudi kiwanjani kufuata msumeno. Shemeji yake alikuwa ameusahau juu ya rundo la mbao, na umande ungeutia kutu. Mshonaji, maana mtaa mzima ulimwita kwa kazi yake hiyo, alitaka auchukue tu na kurudi mbio kabla binti yake hajaanza kumlilia.

Nyumba ilikuwa ya mbao tupu, tangu nguzo hadi kenchi za paa. Mumewe, seremala, ndiye aliyeipanga: vyumba viwili, baraza mbele, sakafu imeinuliwa ili maji ya mvua yapite chini. Mashimo ya nguzo aliyachimba kwa mikono yake. Kisha jioni moja, nguzo za nyuma zikiwa zimeshasimama, alikutwa chini yake, shingo imevunjika. Ngazi ilikuwa imefungwa imara. Hakuna aliyejua alivyoanguka.

Tangu siku hiyo mjane na mtoto wake walilala sakafuni katika chumba cha shemeji, mdogo wa marehemu, pazia likiwatenga na wenyeji. Mke wa shemeji alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia. Hakuna aliyewafukuza. Ila usiku kila mtu alisikia pumzi za mwenzake, na kila mtu alijifanya amelala.

Shida ilikuwa ukuta wa nyuma. Kuta tatu zilisimama bila matata. Wa nne waliugongelea mbao mchana, asubuhi wakazikuta chini. Na si kwamba ziliibwa. Zilikuwa zimepangwa majanini, ndefu na ndefu, fupi na fupi, misumari imenyooshwa na kutiwa ndani ya kopo. Mara ya kwanza shemeji alicheka, akasema huyo ni mwizi mstaarabu. Ilipotokea tena hakucheka. Majirani wakaanza kunong'ona kuwa ni uchawi, kwamba kuna mwenye kijicho asiyetaka kumwona mjane akipata kwake. Mshonaji hakujali ni nani. Alichojua ni kwamba mvua zimekaribia, na ukuta huo ukimshinda hana pa kumlaza mtoto.

Basi jioni hiyo, msumeno mkononi, akasikia.

Kwiii…

Msumari ulikuwa unang'olewa.

Akazunguka nyumba polepole. Harufu ndiyo iliyotangulia: maranda mabichi, na mafuta ya taa, yale ambayo mumewe alisafishia randa zake. Mtu alikuwa amepiga goti mbele ya ukuta, amempa mgongo, bega la kushoto limeshuka kidogo.

Mgongo huo aliufahamu. Ameufulia mashati miaka na miaka.

Alitaka kupiga ukunga. Mwishowe akanong'ona, na maneno yaliyotoka yalimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Ni wewe unayetubomolea?"

Mkono ukasita. Yule mtu hakugeuka.

"Msiufunge ukuta huu."

"Mvua inakuja. Unataka nilale wapi na mtoto?"

"Kuna anayepita hapa… kila jioni." Sauti ilikuwa yake, lakini kavu, kama ya mtu aliyemeza vumbi. "Mkifunga akiwa ndani, atakaa."

"Nani?"

Yule mtu akauweka msumari juu ya ubao. Wadudu walinyamaza.

"Mimi nilisimama njiani mwake," akasema.

Upepo ukapita. Palipokuwa na mtu pakawa na nyasi tu, na ubao mmoja, na msumari juu yake. Mshonaji aliugusa msumari. Ulikuwa bado una joto.

Hakumwambia shemeji alichokiona. Alisema tu anataka mlango kwenye ukuta wa nyuma, utazamane sawasawa na ule wa mbele. Shemeji alibisha sana. Mlango huo ungetokea chumba cha kulala, na vumbi lingeingia huku likatokea kule.

"Shem, hii ni nyumba au kichochoro?" akauliza.

Mshonaji akamjibu aweke tu. Shemeji akaweka fremu na bawaba, akagongelea mbao pembeni. Asubuhi wakakuta ukuta umesimama. Na kesho yake. Mama na binti wakahamia.

Kila jua lilipozama, Mshonaji alifungua milango yote miwili, akamvuta binti yake hadi kwenye kona ya cherehani, akamwambia anyamaze. Kisha wakasubiri.

Kwa…

Kwa…

Mbao za sakafu zililia moja baada ya nyingine, kutoka mlango wa nyuma hadi wa mbele. Ulimi wa taa uliinama. Baridi ikawapita miguuni, na harufu ya udongo wa shimo refu. Halafu basi. Mama alifunga milango, akapika, na maisha yakaendelea. Mtoto naye alizoea, akawa hata hamuulizi mama yake kitu.

Ikaja jioni ambayo Mshonaji alichelewa. Alikuwa amepeleka sare kwa mteja, mvua ikamkuta njiani, mvua ya kwanza ya msimu, ya kumwaga kwa ndoo. Alikimbia. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, hakurudi kukichukua. Alipofika, nyumba ilikuwa imefungwa. Mbele na nyuma.

Binti akamfungulia, mkavu, uso umejaa fahari.

"Nimefunga, mama. Maji yalikuwa yanaingia hadi kitandani."

Mama akamshika mabega.

"Ulifunga kabla hajapita, au baada?"

Mtoto akafikiri.

"Alikuwa ameshaingia. Nilimwonea huruma, mama. Alikuwa ameloa."

Milango ikafunguliwa yote, mvua ikaingia ndani. Walisimama konani wakisikiliza mbao. Hazikulia. Ulimi wa taa ulisimama wima, ingawa upepo ulikuwa unavuma. Mshonaji akatoka nyuma, akasimama kwenye mvua mbele ya ukuta, akamwita mumewe. Kwanza kwa kunong'ona. Kisha kwa sauti. Akamsihi aje, aung'oe ukuta wote, aichukue nyumba nzima kama anataka. Aliita mpaka koo likakauka. Hakuna aliyekuja. Hata ile harufu ya mafuta ya taa hakuisikia tena.

Kurudi kwa shemeji hakukuwezekana. Nyuma ya pazia sasa alilala mtoto mchanga.

Kwa hiyo wako humo hadi leo. Nyumba haivuji hata tone, na wapita njia huisifu. Jioni milango hufungwa mapema, kama ya watu wote. Kitanda ni kimoja. Mama hulala upande wa ukutani.

Mtoto hulala katikati.